Bundi Hana Bunduki: Nilichojifunza Picha Yangu Ilipokosolewa

Wasee, wacha nianze na aibu yangu, halafu tuingie kwa historia.

Picha yenyewe ilikuwa kali. Jabali moja hapa juu ya Kapsokwony, saa mbili usiku, na bundi mkubwa ametulia kwenye ukingo wa mwamba. Ana vile vishungi viwili kichwani vinavyofanana na masikio. Ameniangalia moja kwa moja. Macho yanawaka mekundu kama taa za nyuma za matatu. Niliipiga kwa kamera ya mitumba niliyoinunua Kitale baada ya kuchimbia watu viazi likizo nzima. Nikaandika chini yake "Bundi wa Mackinder, Mlima Elgon", nikaweka jina la kijiji, na juu ya hayo nikaeleza mpaka njia ya kufika pale. Nikalala nikijua nitaamka staa.

Asubuhi maoni yalikuwa ya aina tatu. Mabeshte wangu wakasema ni noma, wakanirushia moto mwingi. Mtu mmoja mkubwa wa kundi la WhatsApp la watazamaji ndege hakusema ni noma wala si noma. Aliuliza tu: "Macho yake yalikuwa ya rangi gani kabla uwashe flashi?" Na nyanya yangu, nilipomwonyesha simu, aligeuza uso na kusema, "Mjukuu wangu, futa hiyo kitu."

Yale ya mabeshte nilifurahia siku moja yakaisha. Hayo mengine mawili yalinikaa kichwani mpaka nikaanza kusoma. Na kumbe kila moja lina historia ndefu kuniliko.

Swali la macho

Mwanzo niliudhika. Naleta picha ya maana, halafu mtu anauliza rangi ya macho? Si anaona ni mekundu?

Akanieleza polepole. Bundi wa Mackinder ana macho ya rangi ya chungwa. Lakini Kenya hii kuna bundi mwingine wa jamii hiyo hiyo, mwenye vishungi hivyo hivyo, ambaye macho yake ni ya kahawia iliyokolea. Yeye ni mdogo kiasi na wa kijivu zaidi, lakini kwa picha ya usiku, bila kitu cha kulinganisha ukubwa, alama ya kwanza utakayoangalia ni macho. Na flashi ikimpiga bundi usoni, mwanga unarudi kutoka nyuma ya jicho, kila jicho linakuwa jekundu. Kwa hivyo mwanga niliowasha ili nimwone vizuri ndio uliofuta kitu ambacho kingetuambia yeye ni nani.

"Inawezekana ni Mackinder," akamaliza. "Lakini kwa hii picha hatuwezi kusema."

Hatuwezi kusema! Wiki mbili za baridi ya mlima, na jibu ni hatuwezi kusema.

Sasa angalia hilo jina nililoandika kwa ujasiri hivyo. Halford Mackinder alikuwa Mwingereza, mwalimu wa jiografia, aliyeongoza msafara wa kwanza kufika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899. Mwaka huo huo Richard Bowdler Sharpe, mtaalamu wa ndege wa jumba la makumbusho la Uingereza, akamtangaza huyu bundi kwa ulimwengu wa sayansi na kumpa jina la Mackinder. Bundi wenyewe walikuwa kwenye majabali ya milima yetu, Elgon ikiwemo, kabla Mackinder hajazaliwa. Lakini hivyo ndivyo majina yalivyogawanywa siku hizo.

Na yalipatikanaje? Kwa maiti. Ili mtaalamu wa London akubali kwamba ndege fulani yupo, ilibidi ndege auawe, achunwe, ngozi yake ikaushwe, ijazwe pamba na kufungiwa kikaratasi mguuni. Frederick Jackson alipopita Mlima Elgon mwaka 1890 na msafara wake, alikuwa pia mkusanyaji wa ndege. Baadaye alikuja kuandika kitabu kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda, kilichotoka mwaka 1938 yeye akiwa tayari ameshakufa. Kazi kubwa, sibishi. Lakini imejengwa juu ya marundo ya ngozi.

Na ngozi hizo hazina macho. Jicho haliwezi kukaushwa likabaki na rangi yake, kwa hivyo huondolewa na tundu kujazwa pamba. Aliyekusanya ndege ilibidi aandike rangi ya macho kwenye kile kikaratasi haraka kabla haijabadilika. Akisahau, basi. Kwa maneno mengine, mimi na flashi yangu tulifanya kosa la miaka mia moja na zaidi iliyopita: tulimleta bundi bila macho yake.

Kutoka ngozi hadi picha

Sasa sikia hii stori ya Kongo, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mawazo yangu.

Mwaka 1951, kwenye milima ya Itombwe, mashariki mwa Kongo, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, alipatikana bundi mmoja wa ajabu, mwenye uso wa umbo la moyo. Alitiwa kwenye mkusanyiko wa Alexandre Prigogine, na mwaka uliofuata akatangazwa kuwa spishi mpya kwa jina la huyo Prigogine. Ngozi moja. Baada ya hapo, kimya. Miaka kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Dunia nzima ilichokuwa nacho kuhusu huyo bundi ni mwili mmoja kwenye droo.

Mwaka 1996 kundi la watafiti lililokuwa na Thomas Butynski lilitega nyavu za ndege huko huko Itombwe, na asubuhi wakamkuta jike amenasa. Miaka 45 baadaye! Walimfanya nini? Walimpima, wakampiga picha, wakamwachilia. Fikiria tofauti hiyo. Wa kwanza alilipa kwa maisha yake ili watu waamini kwamba yupo. Wa pili alipoteza asubuhi moja tu, picha zikatosha kuwa ushahidi.

Halafu Oktoba 2021, msitu wa Atewa, Ghana. Wanasayansi wawili, Joseph Tobias na Robert Williams, wanamstusha ndege mkubwa kutoka mahali alipojipumzisha mchana. Anatua kwenye tawi. Wanakaa naye sekunde kama kumi hadi kumi na tano, wanapiga picha, anapotea. Picha zikamtambulisha kuwa bundi wa Shelley, ambaye nchini Ghana hakuwa amethibitishwa kuonekana kwa takriban miaka 150. Unajua walimjuaje? Ukubwa wake, mdomo wa manjano, na macho meusi. Macho tena! Ilikuwa mchana, hakuna flashi ya kuyafuta. Na mtu aliyemtangaza bundi huyo mwaka 1872, pamoja na mwenzake, alikuwa Bowdler Sharpe yule yule wa Mackinder, kwa ngozi. Safari hii hakuna aliyemgusa ndege hata unyoya.

Kwa hivyo mtu akikuambia kupiga picha ndege ni mchezo wa watu wasio na kazi, mwambie kamera imewaokoa wanyama wengi na risasi. Lakini kuna sharti moja, na hapa ndipo wengi wetu tunafeli. Picha imechukua nafasi ya mwili kama shahidi, na shahidi lazima ahojiwe. Ukileta picha halafu hutaki kuulizwa maswali, hiyo si ushahidi, ni pambo. Yule mzee wa kundi hakunitusi. Alinifanyia ile heshima ya kuichukulia picha yangu kama kitu cha kweli.

Na huku kwetu huo utamaduni si mgeni. Chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1909, na leo kinajulikana kama Nature Kenya. Zaidi ya miaka mia moja watu wanaketi pamoja na kuulizana: ulimwona wapi, lini, una uhakika gani? Siku hizi kuna Kenya Bird Map, ambapo mtu wa kawaida kama wewe anatuma alichoona, na rekodi ikitia shaka anarudi kuulizwa. Kuulizwa ndiyo kazi yenyewe.

Flashi na bunduki

Tuingie kwa flashi sasa, kwa sababu na yenyewe ina mambo.

Miaka ya 1903 na 1904, Mjerumani tajiri aliyeitwa Carl Georg Schillings alikuwa Tanganyika, wakati huo ikiwa koloni la Ujerumani, akipiga picha wanyama usiku kwa unga wa magnesi unaolipuka mwanga. Alikuwa anafunga punda au ng'ombe kama chambo, simba akija, pwaa! mwanga. Picha zake zilishangaza Ulaya. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na kichwa chake kwa Kijerumani kinamaanisha "kwa mwanga wa flashi na bunduki". Hakuficha. Kwake hivyo vilikuwa vyombo viwili vya uwindaji mmoja.

Huko Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walikuwa wameshachukua njia nyingine. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai, na baadaye wakawa maarufu kwa kujificha. Wakati mmoja walitengeneza ng'ombe wa bandia, ndani mtupu, mpiga picha anaingia humo anasubiri. Cheka, lakini elewa wazo: si ndege anayepaswa kubadilika kwa ajili ya picha, ni wewe. Cherry alifika Afrika Mashariki mwaka 1909 akiwa na kamera ya filamu, wakati Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alikuwa huku akiwinda.

Na kuna Eric Hosking. Mwaka 1937, akiwa na miaka 27, alikuwa Wales akifuatilia bundi waliokuwa na makinda. Usiku mmoja akirudi mahali pake pa kujificha, bundi alimrukia gizani na kumchoma kucha kwenye jicho la kushoto. Jicho likapata maambukizi, ikabidi liondolewe ili la pili lipone. Angeweza kumchukia bundi maisha yake yote. Badala yake alirudi kwenye kazi ile ile na jicho moja, na akaendelea kuwa kati ya wapiga picha wa ndege wanaojulikana zaidi duniani. Kwa maoni yangu bundi yule alikuwa ametoa komenti ya wazi kabisa: umekaribia sana, hapa kuna watoto wangu.

Nikikumbuka usiku wangu pale jabalini, naona nilikuwa karibu na Schillings kuliko Kearton. Nilirudi mara tatu mahali pale pale. Mara ya tatu bundi alikuwa anagongesha mdomo, kak-kak-kak. Nilidhani ni sauti nzuri ya kuweka kwa video. Mzee wa kundi akaniambia hicho ni kitisho, na mara nyingi maana yake kuna kiota karibu.

Nyanya na usiku wa miaka ile

Nyanya hakujali macho wala flashi. Yeye alitaka picha itoke kwa simu kabisa.

Unajua mwenyewe bundi anavyosemwa. Akilia juu ya nyumba, mtu atakufa. Timu ikifungwa mechi tatu, magazeti yanaandika bundi ametua klabuni. Hata vijana wa Nairobi wenye digrii mbili wakimwona kwa ukuta wa ploti wanatafuta mawe. Mimi nilikuwa nimejiandaa na hotuba: nyanya, hiyo ni ushirikina, bundi anakula panya, na kadhalika.

Sikuitoa. Kwa sababu nyanya aliketi, akaniuliza kama nakumbuka miaka ile. Nilikuwa mdogo sana, sikumbuki. Kati ya 2006 na 2008 huu mlima ulikuwa na vita vya ardhi, kundi la SLDF na bunduki zake, halafu Machi 2008 wanajeshi wakaja na operesheni ya Okoa Maisha. Watu wa hapa waliumia kutoka pande zote mbili. Nyanya aliniambia kwamba usiku walikuwa wanazima taa mapema na kukaa kimya, na sauti pekee iliyosikika nje ilikuwa ya bundi. Analia, na asubuhi wanasikia nyumba fulani imevamiwa. Analia tena, asubuhi nyumba nyingine. "Sasa unaniletea uso wake kwa simu," akasema.

Nilikaa kimya kwa muda mrefu. Halafu nikasema tu, "Lakini nyanya, bundi hakuwa na bunduki."

Akaniangalia. "Najua," akasema. "Lakini wenye bunduki hatungeweza kuwataja."

Niliandika maneno hayo usiku huo nisije nikayasahau. Sikuwa nimefikiria kwamba hofu ya bundi inaweza kuwa na kazi ya namna hiyo: watu wakishindwa kumtaja anayewaua, wanamtaja ndege. Nyanya yangu si mjinga. Alihitaji mahali pa kuweka hofu yake, na bundi alikuwa pale.

Lakini bundi analipa. Na hapa ndipo aibu yangu inapofika mwisho wake. Kumbuka nilikuwa nimeandika kijiji na njia ya kufika. Wiki tatu baadaye nilipanda kwenda kumpiga picha upya, bila flashi, jioni mwanga ukiwepo, niyaone hayo macho. Ukingo wa jabali ulikuwa mtupu. Chini kulikuwa na mawe mengi madogo ambayo hayakuwepo kabla, ya saizi ya kuwekwa kwa manati, na manyoya machache. Labda aliruka akaenda zake. Labda hapana. Vijana wawili niliowauliza walicheka, wakasema waliona kwa simu mahali anapoishi "yule mchawi".

Mimi ndiye niliyewaonyesha.

Sasa tufanye nini?

Sitaki kumalizia kwa huzuni kwa sababu kuna mifano mizuri nchini humu humu. Kule Kiawara, Nyeri, bundi wa Mackinder wanaishi kwenye majabali yaliyo karibu na mashamba ya watu, na wageni hulipa kuonyeshwa, kwa utaratibu na kwa umbali. Mkulima anayepata kitu kwa sababu bundi yuko hai ana sababu ya kumzuia mtoto na manati. Mwaka 2008 mtafiti Darcy Ogada na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu hawa bundi wa mashambani, wakaangalia dawa za kunyunyizia mimea, makazi, na pia imani za watu. Nimependa kwamba imani ziliwekwa kwenye orodha moja na dawa. Zote zinaweza kuua.

Pwani, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna kabundi kadogo ka Sokoke, kama sentimita 16 tu, kalikojulikana kwa sayansi katikati ya miaka ya 1960. Kako hatarini kuisha, na kanapatikana hasa hapo na sehemu ya Usambara nchini Tanzania. Waelekezaji wenyeji wanajua miti kanapolala mchana, wanampeleka mgeni, anapiga picha yake kimya kimya, wanaondoka. Mti wenyewe hautangazwi. Hiyo siri ndiyo ulinzi.

Kwa hivyo, mimi nimejiwekea hizi. Sipigi flashi usoni kwa bundi. Akianza kugongesha mdomo au kujivimbisha, naondoka, hata kama picha sijapata. Siandiki mahali, naandika "Bungoma" na inatosha. Picha naituma kwanza kwa watu wanaojua kuniliko, na nikiambiwa "hatuwezi kusema", naandika hivyo hivyo: bundi, jina halijulikani.

Ile picha nimeifuta kila mahali nilipoiweka, kama nyanya alivyotaka, ingawa sababu zetu si zile zile. Nimebakisha nakala moja kwa kamera.

Mwezi uliopita kulikuwa na bundi mwingine, wa msituni, kichwa cha mviringo, hana vishungi, amelala kwenye mti karibu na shamba letu la kahawa saa kumi jioni. Nilimpiga kutoka mbali. Picha si kali, tawi limepita mbele ya bawa. Lakini macho yanaonekana vizuri, ya kahawia iliyokolea. Nilimwonyesha nyanya. Alishika simu muda mrefu, akaileta karibu na uso, akasema, "Kumbe macho yake ni kama ya ndama."

Hakusema nifute.

Na wewe je, kwenu bundi anaitwaje, na wanasemaje akilia? Muulize nyanya au babu yako wiki hii kabla hujamwambia ni ushirikina. Sikiliza mpaka amalize. Halafu muulize nani alikuwa na bunduki.